Spika ya Nyumba Nzima

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijapanda juu ya kilima, Jenti alifagia ruai, ule ukumbi mrefu unaopita mbele ya milango yote ishirini na miwili ya nyumba yao, nyumba moja ndefu ya familia ishirini na mbili. Kila familia ilifagia sehemu iliyo mbele ya mlango wake, na sehemu ya Jenti na mama yake ilikuwa mbele ya mlango wa kumi na nne. Alipomaliza alibeba karai la pilipili manga hadi kwenye jukwaa la nje, akaimwaga mkekani na kuitandaza ikauke. Halafu alifukuza kuku. Kuku wa pale hawakula pilipili, lakini walipenda sana kuitembelea.

Jumatatu hiyo kulikuwa na kazi moja zaidi, nayo ilikuwa kuuliza spika.

Spika ilifika jana yake kwa boti. Mjomba Mengga, kaka wa mama yake Jenti, ndiye aliyetumwa mjini kuinunua kwa mchango wa milango yote. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, yenye kimo cha birika, na ilifanya kazi mbili. Kwanza, ilisema na kujibu ukiiuliza swali. Pili, ilikuwa ruta: ilitiwa laini ya simu tumboni, ikanasa mtandao kutoka mnarani na kuusambaza kwa simu zilizo karibu. Dukani, hatua mia mbili kutoka mnara wa mji, iliimba, ikataja matokeo ya mpira na kumsalimu Mjomba Mengga kwa jina lake. Kwenye rafu ileile palikuwa na kifaa kingine cha bei karibu sawa. Kilikuwa boksi jeupe la ruta, lenye kinasa chake cha mawimbi, cha kufungwa nje, na waya wa kuviunganisha. Hicho hakikusema neno, na Mjomba Mengga hakukitazama mara mbili.

Nyumbani, spika iliwekwa panapowekwa kila kitu cha nyumba nzima. Ni katikati ya ruai, mbele ya mlango wa kumi na moja, kwa Babu Belayong, mkuu wa nyumba, kando ya patu za shaba ambazo wazee walizirithi kwa wazee wao. Mke wa Babu aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaweka maua ya plastiki juu yake. Hakuna aliyeuliza kama mtandao unafika pale.

Jenti alikiinua kitambaa. "Hujambo? Leo mvua itanyesha?"

Taa ndogo zilizunguka, zikazunguka tena. "Samahani," spika ilijibu kwa Kimalei. "Siwezi kuufikia mtandao."

"Imejibu hivyohivyo tangu jana," alisema mama yake, akijifunga kikapu mgongoni tayari kwenda shamba.

"Dada anaona haya," alisema Mjomba Mengga, aliyekuwa akinywa chai. Alikuwa ameanza kuiita dada kwa sababu ya sauti yake. "Mgeni huyo. Mpeni siku mbili tatu, atazoea."

"Mjomba, mashine haizoei."

"Wee, umeinunua wewe?"

Jenti hakuwa na siku mbili tatu za kupoteza. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, wanafunzi kumi wa darasa la sita, waliochaguliwa kutoka shule zote za mto ule, walifundishwa hesabu kwa video na mwalimu aliyekuwa mjini. Aliyekosa mara tatu alimpisha anayefuata kwenye orodha. Jenti alikuwa amekosa mara mbili. Mara ya kwanza, akiwa mwanzoni mwa ukumbi, picha iliganda kwenye simu ya mama yake kabla hata hajaitika jina. Mara ya pili, alipanda na simu juu ya kichanja cha tangi la maji, pale mwisho wa nyumba upande wa mlango wa kwanza, ambapo mtandao ulishika vizuri. Alisoma kwa robo saa, kisha mvua ikaja na simu ikanusurika chupuchupu. Mama yake alisema mara moja, na hakurudia: "Mwanangu hatasoma hesabu juu ya tangi kama nyani."

Jumamosi ya tatu ilikuwa siku tano mbele. Bwana Ngu, mwenye duka, alikubali kubadilisha bidhaa ndani ya siku saba tu.

Jenti alichukua simu ya mama yake, daftari na kalamu. Simu hiyo ilitumia laini ya kampuni ileile iliyokuwa ndani ya spika, na ilikuwa na ukurasa wa kupimia kasi ya mtandao. Alianza mlango wa kwanza, ule wa upande mto unakoelekea, akaenda hadi wa ishirini na mbili. Alipima asubuhi, adhuhuri na jioni, Jumatatu na Jumanne. Kila mara aliiweka simu kwenye kigoda kilekile na kuandika namba. Mwalimu aliwaambia kuwa somo halitakatika iwapo kasi haipungui megabiti tatu kwa sekunde.

Mlango wa kwanza ulimpa mbili. Wa tano ukampa moja. Wa kumi na moja, mahali pa heshima pa spika, haukutoa hata nusu, na kuanzia wa kumi na nne kwenda mbele hakukuwa na kitu. Sababu ilionekana kwa macho. Mnara ulikuwa ng'ambo ya mto, kilima kilisimama kati yake na nyumba, na paa lote lilikuwa la mabati. Mwisho alifunga simu kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akauinua mwanzi huo kando ya kichanja cha tangi mpaka ukapita paa. Alipoushusha, simu ilikuwa imeandika kumi na nane.

"Unavua popo?" aliuliza Mjomba Mengga.

Jumanne jioni alimpelekea Babu Belayong daftari. Babu alivaa miwani, akasoma kurasa zote bila haraka, akamrudishia.

"Unataka tufanye nini?"

"Spika haiwezi kufanya kazi hapa, Babu. Inataka kuwa juu, nje, upande wa tangi."

"Kitu cha wote hukaa katikati, mjukuu wangu. Kikikaa kwa mlango wa kwanza, kesho watasema ni cha mlango wa kwanza. Hapo ndipo ugomvi huanzia."

"Lakini katikati hakifanyi kazi."

"Nimesikia," alisema Babu, na kwa mkuu wa nyumba neno hilo lilimaanisha kuwa mazungumzo yamekwisha.

Kwa Jenti hayakuwa yamekwisha. Jumatano, watu wazima wakiwa mashambani, aliiondoa spika mahali pake na kuitia kwenye kikapu cha samaki. Betri yake ilikuwa imejaa. Alirusha kamba juu ya boriti ya kichanja cha tangi, akafunga kikapu, akakivuta polepole kama ndoo ya kisimani. Hakupanda hata ngazi moja. Mama alimkataza kupanda, hakumkataza kuvuta.

"Leo mvua itanyesha?" alipaza sauti akiwa chini.

"Ndiyo," ilijibu spika kutoka hewani, wazi na kwa adabu. "Mvua inatarajiwa kuanzia saa tisa alasiri."

Bibi Selaka, mfumaji wa mlango wa kwanza, aliacha kazi yake akatazama juu. "Iambie goti langu limeshasema tangu alfajiri."

Watoto walikuja mbio. Spika ilitaja matokeo ya mpira, ikapiga muziki, kuku wakatawanyika. Kisha watoto walijaribu kuingia mtandaoni kwa simu, na hapo wakaona upande wa pili wa mambo. Chini ya tangi simu zilishika. Mlango wa pili zilishika kwa shida. Kuanzia mlango wa nne hapakuwa na kitu, kwa kuwa mawimbi ya spika yenyewe yalikuwa dhaifu na hayakupenya ukuta na mabati. Jenti aliyaandika hayo pia.

Babu Belayong na Mjomba Mengga walipotokea wakirudi shamba, alikuwa bado akiandika.

"Jamani!" Mjomba Mengga alitupa kikapu chake. "Kamnyonga dada yetu!"

Watoto walicheka. Babu hakucheka. Aliingoja spika ishushwe, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Kuhamisha kitu cha nyumba bila ruhusa kuna faini ya mila," alisema. "Kuku mmoja. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Ulilijua kabla?"

"Nililijua, Babu. Nitamleta kuku sasa hivi. Lakini kuku habadilishi namba."

Watu waliosimama karibu walivuta pumzi. Jenti alikwenda, akamkamata kuku wake mwenyewe, yule mwekundu, na kumkabidhi mke wa Babu kabla spika haijarudishiwa kitambaa chake. Babu akasema kwamba kesho nyumba nzima itakaa kikao.

Alhamisi hapakuwa na mtu aliyekwenda shamba, maana mvua ilianza mapema. Mikeka ilitandikwa katikati ya ruai na kila mlango ukatoa mtu wa kuusemea, kama ilivyokuwa desturi: mlango mmoja, sauti moja. Watoto walikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Zamu zilianza mlango wa kwanza. Wengi walisema laini ni mbovu. Mmoja alisema spika inataka kuwekwa mafuta. Mjomba Mengga, mlango wa kumi, alisimama kabisa.

"Mimi nimeiona kwa macho yangu dukani. Imeimba! Imeniita Mengga! Kitu kimoja, kazi mbili, bei moja. Mnataka nini zaidi, ipike wali?"

Zamu ilipofika mlango wa kumi na nne, mama yake Jenti hakuinuka. Baba yake Jenti alikuwa baharini, kwenye kazi ya mafuta, na kwa miezi saba mama ndiye aliyeusemea mlango ule.

"Leo sauti ya mlango wangu ni ya Jenti," alisema.

Minong'ono ilizagaa. "Mtoto?" aliuliza Mama Tiong wa mlango wa ishirini na mbili.

"Desturi inasema kila mlango una sauti moja. Haisemi iwe na umri gani."

Babu Belayong alifikiri. "Ni kweli. Haisemi."

Jenti alisogea mbele na daftari lake. Aliamua kusoma badala ya kusema. Alisoma namba za mlango mmoja mmoja, asubuhi, adhuhuri na jioni, mpaka Mjomba Mengga akaanza kupiga miayo kwa makusudi.

"Laini si mbovu," alimalizia. "Ni ya kampuni ileile, na juu ya tangi inatoa kumi na nane. Spika nayo si mbovu. Shida ni kwamba kunasa mtandao kunataka juu na nje, na kusambaza mtandao kunataka katikati ya watu. Spika hii inafanya kazi zote mbili, lakini haiwezi kukaa mahali pawili. Tukiiweka hapa, hainasi. Tukiipeleka tangini, haisambazi, na mvua itaiua. Lile boksi jeupe la dukani limegawanyika. Kinasa kinafungwa tangini, waya unapita chini ya paa, na boksi linakaa hapahapa, kwenye mahali pa vitu vya wote. Tuibadilishe spika kwa boksi hilo kabla ya Jumapili."

Babu alivua miwani.

"Na hilo boksi," alisema, "litafika mlango wa ishirini na mbili?"

"Litafika."

"Umelipima?"

Mvua ilipiga mabati. Jenti alijua kwamba neno moja lingemaliza kila kitu. Wote walikuwa wameona jinsi alivyopima, na hakuna ambaye angemuuliza amelipimia wapi. Boti ingekwenda kesho asubuhi, na Jumamosi saa tatu angekuwa darasani.

"Hapana," alisema. "Sijalipima. Nimesoma maelezo yake tu kwenye simu, na Mjomba ndiye aliyeliona. Nilisema litafika kwa sababu nataka lifike. Sijui kama litafika."

Mjomba Mengga alipiga paja lake. "Haya! Mpimaji wetu! Siku tatu anatusumbua na mianzi, kumbe naye anabahatisha kama mimi!"

Watu walicheka, na kicheko kilikwenda kutoka mkeka hadi mkeka. Jenti hakurudi nyuma.

"Ndiyo, Mjomba. Kwa hilo boksi nabahatisha kama wewe. Basi tusirudie kosa, wala lako wala langu. Lisinunuliwe. Liazimwe. Mwombe Bwana Ngu akupe kwa siku moja, tulifunge, tulipime milango yote mbele ya watu wote."

"Na likishindwa?"

"Nitasoma namba za kushindwa kwa sauti hiihii."

"Hebu nisikie hiyo sauti," alisema Mjomba Mengga, lakini safari hii hakucheka sana.

Babu aliuliza milango yote. Kumi na saba ilikubali.

Ijumaa alfajiri Mjomba Mengga aliondoka na boti, akiwa na karatasi ya Jenti mfukoni. Iliandikwa: waya usipungue mita sabini, kwa sababu alikuwa amepima kwa kamba ya wavu kutoka tangini hadi mlango wa kumi na moja, akapata sitini na moja. Adhuhuri alirudi. Bwana Ngu alikuwa amekubali kuliazima boksi, na spika ilibaki kwake kama dhamana.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyepanda na kukifunga kinasa kwenye nguzo ya tangi, akikielekeza ng'ambo ya mto kama Jenti alivyomwonyesha kutoka chini. "Kushoto kidogo, Mjomba!" "Hapa?" "Umepitiliza!" "Mtoto huyu ataniua, jamani." Waya ulipitishwa chini ya paa, mlango hadi mlango, na boksi likawekwa kando ya patu. Mke wa Babu alilifunika kitambaa. Jenti alikiondoa. Mke wa Babu akakirudisha. Mwishowe walikubaliana kitambaa kikae chini yake.

Kisha Jenti alichukua kigoda na simu, akaanza mlango wa kwanza, na nyumba nzima ikamfuata ukumbini kama wanafuata bibi harusi. Mlango wa kwanza ulitoa tano. Wa tano, kumi. Wa kumi na moja ulitoa kumi na saba, na mtu fulani akapiga kigelegele. Wa kumi na nne, kumi na moja. Wa kumi na nane, sita. Wa ishirini, nne. Hapo Mjomba Mengga alisema, "Basi, tumeona, limefaulu," akageuka kurudi.

Jenti aliendelea kutembea. Aliweka kigoda mbele ya mlango wa ishirini na moja, akasubiri, akasoma: "Mbili." Akaenda wa mwisho. "Mlango wa ishirini na mbili. Moja."

Mama Tiong alifunga mikono kifuani. "Kwa hiyo sisi tulichanga bure?"

"Kwa kupiga simu na kutuma ujumbe inatosha, Mama Tiong. Kwa video haitoshi. Mkitaka video itabidi mje mkae ukumbini, mbele ya mlango wa ishirini. Nilisema jana litafika kwenu. Halijafika vizuri. Nilikosea."

Mama Tiong alimtazama Jenti, akamtazama Mjomba Mengga, kisha akalitazama boksi kule mbali katikati ya ukumbi. "Hatua kumi siyo safari," alisema hatimaye. "Na angalau huyu hajanidanganya. Chukueni boksi."

Bibi Selaka peke yake ndiye aliyelalamika. "Lile lingine lilikuwa na adabu," alisema. "Kila saa lilisema samahani. Hili halisemi kitu."

Jumamosi saa tatu asubuhi Jenti alikaa kwenye mkeka mbele ya mlango wao, simu ikiegemea debe la pilipili. Picha ya mwalimu ilitokea bila kuganda. Majina yalisomwa, na lake lilipofika aliitika kwa nguvu hata watu wa milango mitatu wakageuka. Alisoma saa mbili nzima. Babu Belayong alikuja akaketi nyuma yake, akitazama sehemu na desimali kana kwamba ni mpira wa fainali.

Somo lilipokwisha, Babu alikohoa.

"Alhamisi nilikuuliza kama umelipima lile boksi. Ungesema ndiyo, ningekuamini. Tungelinunua hilohilo, na leo ungesoma hivihivi."

"Najua, Babu."

"Lakini jana Mama Tiong angesimama mlangoni kwake bila mtandao. Tangu hapo kila namba yako ingekuwa ya mashaka, hata zile za kweli. Kunibishia si kosa. Mkuu asiyebishiwa huweka vitu mahali visipofanya kazi, kama mimi nilivyofanya. Ila anayebisha lazima aseme anachokijua na asichokijua, hata kama asichokijua kitamwangusha. Hilo ndilo ulilofanya, na ndilo nitakalowaambia wengine."

"Na kuhusu kuhamisha spika?"

"Lile lilikuwa kosa, na umelipa." Babu aliinuka kwa kushika goti. "Jumanne wanakuja watu wa bomba la maji. Wanasema maji ya kilimani yatafika milango yote. Safari hii hutakaa ukutani. Utakaa mbele, karibu yangu."

Jenti alifungua ukurasa mpya wa daftari. "Wamepima?" aliuliza.

"Hilo," alisema Babu, "utawauliza wewe."